Salamu Zilizoichosha Mashine ya Papa Timothée

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2003, Papa Timothée Katembo, mzee wetu, atafunga mlango wa chumba cha mashine na kumkabidhi Mkurugenzi ufunguo. Atakuwa amekitumikia Kituo cha Hesabu na Mawasiliano cha Makiso tangu tarehe 4 Septemba 1972, karibu miaka thelathini na mmoja. Wanaomfahamu wanajua angependa wasifu huu uishie hapa hapa. Aliposimamia ndoa ya Mama Pélagie, mchapaji wetu, watu walitega masikio kungoja nasaha za msimamizi, naye akainuka, akasema, "Mupendane. Chakula inapoa," akaketi. Lakini Mkurugenzi wetu, Papa Dominique, amenipa kurasa kadhaa za jarida hili, na mimi Safi Rachidi, ninayepokea barua za watu dirishani, sikujaliwa kipawa cha kunyamaza. Papa Timothée atanivumilia mara hii ya mwisho.

Alizaliwa Lubero, mtoto wa tano wa kiume, kama jina lake Katembo linavyowaambia Wanande wote, watu wa kabila lake. Alifika Kisangani akiwa kijana mwenye cheti cha ufundi na suruali moja nzuri, akaajiriwa kutoboa kadi. Wakati huo Kituo kilipiga hesabu za mishahara ya kampuni za mjini, na kila mfanyakazi wa kampuni hizo alikuwa kadi ngumu yenye matundu. Msimu mmoja wa mvua kadi zilivimba kwa unyevu hata mashine ikazikataa, na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Papa Timothée alileta pasi ya makaa kutoka nyumbani, akazipiga pasi moja moja kama mashati ya Jumapili. Mashine ilizimeza, watu wakapata mishahara yao, na pasi ile haijarudi nyumbani kwake hadi leo. Mke wake bado anaitaja.

Kompyuta za kwanza zilipofika, yeye ndiye aliyefungua maboksi, na yeye ndiye aliyejifundisha kuandika programu kutoka kwenye kitabu cha Kifaransa ambacho panya walikuwa wamekula mwanzo wake. Alipenda kusema kwamba anajua kila kitu kuanzia sura ya tatu. Uporaji ulipopita mjini, mashine zetu zikaenda nao. Papa Timothée alipanda baiskeli, akazunguka Mangobo mtaa kwa mtaa, hadi akaikuta skrini moja imewekwa sebuleni mwa familia fulani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wenyewe wameketi mbele yake wakingoja mpira uanze. Aliketi nao. Baada ya muda akawaambia, "Hii haitaonyesha mpira." Walimwamini, maana alionekana ana huzuni kuliko wao, wakamsaidia kuifunga kwenye baiskeli.

Kisha ikaja vita, na hapa wasifu huu unabadilika kidogo, ingawa nimeahidi kuwa mchangamfu na nitakuwa.

Mwezi Agosti 1998 mto ulikatika. Namaanisha kwamba boti za Kinshasa hazikupanda tena wala hazikuteremka, kwa kuwa huku kulikuwa na jeshi moja na kule jeshi lingine. Simu zilikufa. Kampuni zilifunga milango, na mishahara ya kuhesabu ikaisha. Mtu aliyekuwa amekwenda Kinshasa kuuza mchele alibaki huko. Mwanafunzi alibaki huko. Nadège, binti wa kwanza wa Papa Timothée, alikuwa ameondoka mwaka mmoja kabla kwenda kusoma uuguzi, naye akabaki huko. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya mwezi Julai. Baada ya hapo baba yake hakujua kama yu hai, na hakutuambia. Tulijua kwa sababu kila ndege iliposikika juu ya mji aliacha kuchapa.

Ndipo Kituo kikaanza kazi tunayoifanya hadi leo. Watu huleta barua zao dirishani kwangu, wachapaji wetu Mama Pélagie na Mama Simone Kanyere huziingiza kwenye mashine, na ndege ya misaada inapokubaliwa kuruka hubeba disketi zetu hadi Kinshasa, ambako wenzetu huzichapisha kwenye karatasi na kuwatafuta walioandikiwa. Majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Hifadhi ambamo barua zote hukaa ndani ya mashine tuliiita "banki", na banki hiyo aliiandika Papa Timothée peke yake. Aliweka pia sheria moja: barua za wafanyakazi zitaingizwa mwisho kabisa, baada ya za wananchi wote, ili asitokee mtu kusema kwamba wa Kituo wanajipakulia kwanza. Barua yake kwa Nadège ilikuwa ya kwanza kulala ndani ya katoni ya wafanyakazi. Nimeiona. Ilisema: "Nadège. Sisi wazima. Uko wapi? Andika. Papa."

Wakati wa vita vya siku sita, mwezi Juni 2000, mabomu yalipoanguka Makiso, Papa Timothée alichomoa diski yenye barua zote, akaiviringisha kwa plastiki, akaitia kwenye sufuria, akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe na kushika njia na umati uliokuwa ukikimbia. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja mwenye njaa alimwuliza ndani mna nini. Papa Timothée hajui kudanganya. Alijibu, "Barua za watu." Askari alimtazama mzee mwenye tai na sufuria kichwani, akawaambia wenzake kwamba huyu vita imekwisha kumpata kichwani, akamwacha apite. Diski ilirudi nzima. Sufuria ilipata kovu, nayo imewekwa kwenye kabati ya ofisi ya Mkurugenzi.

Watu waliposikia kwamba barua zao hazikuungua, waliongezeka. Walitoka Lubunga kwa mtumbwi, walitoka Mangobo kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wengine walitembea kutoka njia ya Bafwasende. Katoni zikapangana hadi dirishani kwangu. Na hapo hapo mashine ikaanza kuchoka.

Mwanzoni Mama Pélagie alikuwa akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kabla kidole hakijainuka barua imekwisha kuingia. Barua zilipozidi, alibonyeza akanywa maji. Zikazidi tena, akabonyeza akatoka nje kununua karanga, akarudi, mashine ingali ikikwaruza. Mama Simone, ambaye hawezi kukaa na mikono mitupu, alianza kufuma kofia za watoto wachanga katikati ya barua moja na nyingine. Watoto waliozaliwa mtaani kwake mwaka huo wote walivaa kofia za sufu katika joto la Kisangani, na mama zao walishukuru kwa adabu. Ndege ilipokuja ilichukua zilizoingia, na zilizobaki zilingoja nyingine. Umeme wa bwawa la Tshopo nao ulikuja ulipotaka. Tulipopiga hesabu tuliona kwamba katoni zinajaa upesi kuliko zinavyoisha. Maana yake ilikuwa wazi kwa wote: zamu ya wafanyakazi haitafika kamwe, na ile barua ya Papa Timothée itazeeka pale chini.

Alihangaika nayo kama daktari wa mashine. Alipangusa vumbi. Alilaumu joto, akaleta feni. Alilaumu umeme mdogo, akangojea siku ya umeme mzuri. Mashine ikachelewa vile vile. Alitoa barua za zamani akaziweka pembeni, tukapata nafuu ya juma moja. Mwishowe alifikia hukumu ambayo mtu wa maneno machache lazima angeifikia: barua za watu ni ndefu mno. Na alipozisoma aliona sababu. Ukurasa wa kwanza wote ni salamu. Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo, sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu, mama anakusalimu, mjomba anakusalimu, jirani wa mbele anakusalimu, mbuzi naye hajambo. Akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu wachapaji waruke salamu na waanzie kwenye habari yenyewe.

Mama Pélagie alitoa mikono yake kwenye vitufe, akaiweka magotini.

"Papa," alisema, "mutu hawezi kuingia mu nyumba ya watu bila kupiga hodi. Salamu njo hodi ya barua. Kama unataka kuzikata, bon, utazikata weye mwenyewe. Mikono yangu hapana."

Mama Simone akaongeza bila kuinua macho kutoka kwenye kofia: "Na tena, Papa, yule hakutajwa mu salamu, watasema alikufa."

Hilo lilimgusa, lilitugusa sote. Baada ya siku sita zile, nani katika mji huu hakuwa amesoma orodha ya salamu akitafuta jina moja? Wakati wa vita salamu ndizo habari. Papa Timothée alikuna kichwa, akasema, "Donc tutatafuta pahali pengine," na tangazo la Jumatatu likafa siku ile ile.

Aliyefungua njia ni Mama Pélagie, na aliifungua kwa kuvunja sheria. Siku moja asubuhi, Papa Timothée alipokuwa kwa Mkurugenzi, alivuta ile barua yake fupi kutoka chini ya katoni ya wafanyakazi, akaichapa. Alibonyeza kitufe na kunyanyua kikombe chake cha maji kama kawaida, lakini kikombe hakikufika mdomoni. Barua ilikuwa imekwisha kuingia. Alipiga kelele ya furaha, na kelele ile ikamleta mwenye barua.

Papa Timothée alikasirika. Ni mara ya pekee nimemwona hivyo. Aliuliza nani aliyeruhusu. Halafu jicho lake likamwona Mama Simone, ambaye alikuwa bado anaingojea barua aliyoihifadhi kabla ya kelele, sindano za kufumia mkononi. Hasira ikamtoka kama maji kwenye kikapu.

"Iliingia mbio?" aliuliza.

"Mbio, Papa. Ni fupi."

"Bon. Lete ingine fupi."

Nikamletea barua ya mistari minne ya muuza samaki, ambaye hakuwa na fedha ya karatasi kubwa. Ilianza na salamu, kama ilivyo heshima. Ikachelewa kama zote. Hapo uso wa Papa Timothée ulibadilika; alivuta kiti, akaketi, akaniomba barua ndefu isiyo na salamu. Nikamwambia hakuna, huu ni mji wa watu wenye adabu. Kisha nikakumbuka ipo moja. Mama mmoja wa Mangobo alikuwa amemwandikia mumewe kurasa nne, na ukurasa wa kwanza ulianza hivi: "Alexis, vita ilikata ulimi yako? Wenzako wote wanatuma neno, weye hapana!" na kuendelea kwa mtindo huo huo hadi mwisho. Mama Pélagie aliichapa yote, akicheka hata machozi yakamtoka, akabonyeza. Ikaingia papo hapo. Kurasa nne za hasira, papo hapo!

"Donc si urefu," Papa Timothée alisema. "Njo mwanzo."

Kosa lilikuwa lake, na tangu siku hiyo analieleza mwenyewe kwa kila mgeni, kwa furaha ya ajabu. Watu wa mji huu, kwa hofu kwamba karatasi itapotea, huleta barua ile ile mara mbili au tatu. Kwa hiyo alikuwa ameiamuru mashine, kabla ya kuhifadhi barua mpya, itazame kama imo tayari: isome maneno ya mwanzo, itafute zote zinazoanza vile vile, na kila inayofanana nayo ifunguliwe isomwe hadi mwisho. Alipoijaribu programu hiyo alitumia barua za mfano alizoziandika yeye. Na barua za Papa Timothée haziombi hodi. Kila moja ilianza na jambo lake, hakuna mbili zilizofanana, mashine ikaruka kama swala. Hakukumbuka kwamba Kisangani hakuna mtu mwingine anayeandika hivyo. Barua za kweli zilipokuja, karibu zote zilianza "Salamu nyingi sana zikufikie", na maskini mashine, kwa kila barua mpya, ilikuwa inafungua barua zote za mji na kuzisoma upya, salamu kwa salamu. Ni sawa na kumtafuta dada yako sokoni kwa kusimamisha kila mwanamke aliyevaa kitenge.

Dawa ilikuwa ndogo. Aliiamuru mashine itazame kwanza jina la anayeandikiwa, jina la anayeandika na mtaa wake. Ni hao wachache tu wanaolingana ambao barua zao hufunguliwa. Maandishi marefu aliyahamishia kwenye faili lao peke yao, yakae humo kwa amani hadi yaitwe. Salamu hazikuguswa hata moja. Siku ya kujaribu, Mama Pélagie alibonyeza, na barua ikaingia kabla kidole hakijainuka. Alibonyeza nyingine, na nyingine, kisha akaanza kuimba. Mama Simone aliziweka sindano mezani kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima. Mkurugenzi alituma watu sokoni, tukala lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki juu ya zile katoni.

Na ile barua fupi iliyoingia kwa mlango wa nyuma? Aliifuta. Naam, aliifuta kwenye mashine kwa mkono wake mwenyewe, akairudisha karatasi chini ya katoni ya wafanyakazi, kwa kuwa sheria ni sheria. Mama Pélagie hakusema naye hadi siku ya pili.

Katoni ziliisha moja baada ya nyingine, kwa mwendo ambao hatukuwahi kuuona. Zamu ya wafanyakazi ikafika mwezi Aprili 2002. Papa Timothée alimletea Mama Pélagie karatasi yake, naye akaisoma, akamrudishia. Alimwambia barua isiyopiga hodi haichapi tena. Mwenzetu alitabasamu, kisha akaona kwamba mama huyu hatanii. Aliketi kwenye benchi la wageni, mbele ya dirisha langu, na akaandika asubuhi nzima. Ninaweza kushuhudia kwamba jasho lilimtoka kuliko siku ya sufuria. Aliwataja mama yake Nadège, wadogo zake wote kwa majina, shangazi, majirani waliosalia, paroko, hata mbwa. Kila aliyekuwa hai alimsalimu. Ilijaa ukurasa na nusu, na mwishoni, kwa herufi ndogo, akaongeza: "Uko wapi? Andika."

Jibu lilikuja mwezi Desemba. Nililitambua jina kwenye rundo na nikakimbia nalo, mimi ambaye goti langu bovu linajulikana. Papa Timothée alilisoma akiwa amesimama. Nadège yu hai, anafanya kazi katika zahanati, ameolewa na kijana wa kutoka Lubero. Alirudisha salamu kwa kila jina lililotajwa, bila kuruka hata moja, na alisema amelia kwa furaha kuona wote wamo. Kisha, katikati ya salamu, kama jambo linalojulikana zamani: "Muhindo naye anakusalimu, babu yake."

Mama Simone, aliyekuwa akisikiliza, alipiga kigelegele kabla ya mtu yeyote kuelewa. Ikabidi Papa Timothée atueleze sisi tusio Wanande. Kwao, Muhindo ni mvulana aliyezaliwa baada ya msichana. Muhindo hawezi kuwa wa kwanza. Basi yupo na dada yake, na bila shaka iliandikwa barua ya kuwaambia hivyo ambayo vita ilikula njiani. Mtu aliyetaka kuruka salamu alipata wajukuu wawili ndani ya salamu moja. Alilia mbele yetu bila aibu, nasi tukalia naye, na siku hiyo ndege tatu zilipita juu ya paa bila yeye kuinua kichwa.

Papa Timothée, sasa nikuambie wewe mwenyewe. Unatuachia banki inayokimbia, wachapaji uliowafunza, sufuria yenye kovu na pasi moja ya makaa, ambayo tafadhali umrudishie mama wa nyumbani. Mto unaanza kufunguka, na wewe umekwisha kusema kwamba boti ya kwanza ya abiria itakayoteremka Kinshasa, umo. Mama Simone ameweka kofia mbili ndani ya zawadi yako, za mwaka ule wa kungoja; kama vichwa vimekwisha kuzizidi, wazitunze. Asante kwa kila barua iliyofika. Mungu akupe siku nyingi, tulivu na zenye afya, na meza yenye watu wengi.

Niliuanza wasifu huu bila salamu, kwa ajili yako. Sasa niache nimalize kwa adabu. Tunakusalimu sisi sote: Mkurugenzi anakusalimu, Mama Pélagie anakusalimu, Mama Simone anakusalimu, mimi Safi nakusalimu, na wote wa dirishani wanakusalimu. Umsalimie mama. Umsalimie Nadège na mume wake. Umsalimie Muhindo. Na yule msichana wa kwanza, ambaye hadi leo hatujui jina lake, umsalimie kuliko wote, kisha utuandikie anaitwa nani.